Masurufu Kabla ya Fahari

BARAZANI, na Mwinyi Hamadi Shee

Aghalabu watu wenye kazi na mshahara katika miji yetu, ukiwauliza kwa nini hawasafiri, hukujibu kwamba safari ni starehe ya matajiri na ya wageni wa ng'ambo. Walakini watu hao hao, simu ya msiba ikilia usiku, hupata nauli kabla ya alfajiri, na kadi ya harusi ya binamu ikifika, hupata nauli, sare na mchango kwa pamoja. Basi fedha ya safari ipo, ila hutoka kwa kushtukizwa, na fedha itokayo kwa kushtukizwa hutoka nyingi kuliko ile iliyopangiwa. Naona mambo mawili ndiyo yatuzuiayo kutembea kwa hiari yetu, pasipo kungoja vilio wala vigelegele: safari hatuipi tarehe, na tukiipa, tunaivisha fahari isiyoihitaji.

Itazame nauli yenyewe. Treni ya umeme ilipoanza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, mwezi wa Juni hadi Morogoro na mwezi wa Julai hadi Dodoma, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 13,000 kwa Morogoro na 31,000 kwa Dodoma. Mtu akitenga shilingi 1,000 kila siku, siku 62 zatosha kumpeleka Dodoma na kumrudisha, na katika mwaka mmoja atapata nauli ya safari tano na chenji ikabaki. Sisemi kwamba nauli ndiyo safari nzima, maana msafiri hula na hulala. Nasema tu kwamba nauli haina uzito huo inaosingiziwa. Uzito umo mikobani.

Mila yetu haipendi mgeni aingie mikono mitupu, nayo ni mila njema, kwani waliosema mgeni njoo mwenyeji apone walijua thamani ya kutembeleana. Lakini kile kilichokuwa kilo ya sukari na majani ya chai, au doti ya kanga kwa bibi, siku hizi kimekuwa orodha ambayo msafiri huandikiwa kabla hajakata tikiti: huyu viatu, yule simu, mtoto wa yule sare ya shule, na jirani asije akasema kwamba fulani katoka mjini na mfuko mmoja. Msafiri naye hakuna achelealo zaidi kuliko kuonekana kwamba mji umemshinda; basi hununua nguo mpya za kuteremkia kituoni, hukodi teksi hadi mlangoni kwa wazazi ilhali bajaji ingemfikisha, huwanywesha soda vijana asiowajua majina, kisha akirejea kazini hukaa miaka mitatu bila kwenda tena, kwa kuwa ziara moja imekula akiba ya ziara nne. Lau wale wazee waliobaki nyumbani wangeulizwa, yamkini wangechagua kumwona mara nne na kifurushi kidogo kuliko mara moja na mizigo ya teksi. Lakini nani awaulize?

Ajabu ni kwamba ilimu ya kupanga tunayo, tena tele. Kamati ya harusi ya Kitanzania ina mwenyekiti, ina mweka hazina, ina bajeti iliyoandikwa na tarehe isiyosogezwa, na aliyeahidi hukumbushwa kwa ujumbe wa simu, asubuhi na jioni, mpaka aone haya na kulipa. Kwa nini watu wanane wa ukoo mmoja au wa ofisi moja wasifanye vivyo hivyo ili wakaione Kilwa Kisiwani, ambako Ibn Battuta alifika mwaka 1331 kutoka Tanja, ilhali wengi wetu hatujafika kutoka Temeke? Upatu tunaucheza, VICOBA tunavyo, na ndugu zetu wa Kenya wana vyama vyao. Ila fedha ya mzunguko ikimfikia mtu bila kazi iliyotajwa, huishia kwenye makochi. Na iandikwe daftarini tangu siku ya kwanza: hii ni ya Kilwa, mwezi wa Septemba, wala haiguswi kwa jambo jingine.

Huko Malaysia jambo hili lilitengenezewa njia kwa ajili ya safari iliyo kuu kuliko zote kwa Mwislamu. Zamani mkulima wa huko aliyeazimia kuhiji alificha fedha chini ya godoro, au aliuza shamba na ng'ombe, kisha akarejea akiitwa Haji naye hana pa kulima. Mchumi Ungku Aziz alitoa waraka mwaka 1959 akapendekeza chombo cha kuwekea akiba ya Hija pasipo riba, na mwaka 1963 chombo hicho kikaanza kazi, nacho ndicho kijulikanacho leo kwa jina la Tabung Haji. Aliyeweka kidogo kidogo kwa nia ya Makka aliweza kwenda na shamba lake likabaki mahali pake. Wala hapakuwa na haja ya mshahara mkubwa.

Manahodha wa majahazi hawakushindana na upepo: walikuja huku na kaskazi, wakarejea Arabuni na Bara Hindi kwa kusi. Nasi misimu yetu twaijua. Wiki za mwisho za Disemba njia ya Moshi hujaa watu waendao kwao, viti huadimika, na walanguzi wa tikiti hufurahi. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 ya Tanzania Bara humpa mwajiriwa likizo ya siku 28, wala haikusema ziangukie Krismasi. Aombaye likizo wakati ambapo wengine wako kazini huchagua kiti, huchagua chumba, na aghalabu hupunguziwa bei.

Sitakuwa mpole juu ya kukopa kwa simu ili kwenda kustarehe. M-Shwari ya Kenya, iliyoanza mwaka 2012, ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Kwa macho ni kidogo, lakini mtu akiurudia mkopo huo kila mwezi, gharama yake kwa mwaka ni asilimia 90. Huo ni upumbavu, hata kama umepigiwa picha ufukweni.

Najua wapo ambao chumo la leo huliwa leo, mama lishe, na kijana wa bodaboda ambaye kila jioni hupeleka hesabu kwa mwenye pikipiki. Kwao sina la kufundisha, na ni utovu wa adabu kumwambia mtu wa hali hiyo ajinyime soda. Nasema na sisi wengine, ambao mwisho wa mwezi hatukumbuki fedha imekwenda wapi. Basi, msomaji wangu, kabla mwezi huu haujakwisha, chagua mahali pamoja, itaje tarehe mbele ya jamaa watatu, mteueni mweka hazina mkali asiyeona haya kudai, na huko uendako piga simu mapema uwaambie kwamba utakuja na kilo mbili za sukari, basi.