Tuchague Lugha ya Kigeni kwa Mizani Yetu

Miongoni mwa maswali wanayotuletea wanachuo kila mwanzo wa mwaka, lipo moja ambalo kwa muda mrefu tulilijibu kwa wepesi usiostahili: ukiacha Kiingereza, ni lugha gani ya kigeni inayomfaa mwalimu kujifunza? Tulizoea kujibu kwamba ni Kifaransa. Ndicho tulichokisikia kikitajwa tulipokuwa wanafunzi, na tuliamini kwamba kina heshima. Hizo si sababu za mwalimu. Tunaandika makala haya kwa kuwa tumebadili mawazo, na jambo lililotubadili tulikutana nalo wakati wa mazoezi ya kufundisha.

Tulikwenda kuwakagua wanachuo wetu katika shule moja ya msingi upande wa kusini, karibu na Mto Ruvuma. Katika darasa la pili tulimkuta msichana aliyewazidi kimo wenzake wote. Alikaa nyuma, na hesabu za ubaoni alizimaliza kabla mwalimu hajaweka chaki chini. Tukauliza habari zake. Tukaambiwa kwamba jamaa zake walivuka kutoka Msumbiji, kwamba nyumbani husema Kimakua, na kwamba cheti alichokuja nacho kilidhihirisha kuwa ni mzito wa kuelewa: hisabati 14, lugha 13. Karatasi ikaletwa. Katika chumba kile tulikuwa watu wazima watano, wote tumesomea ualimu, na hakuna aliyeweza kusoma zaidi ya tarakimu.

Siku chache baadaye mfanyabiashara mmoja wa mjini Masasi, aliyesoma ng'ambo ya mto, alitusomea nakala yake. Alama za shule za Msumbiji huhesabiwa juu ya 20, wala si juu ya 100. Neno lililogongwa muhuri chini ya karatasi, aprovada, maana yake ni kwamba amefaulu. Mtoto yule alikuwa amekwisha kumaliza darasa la nne, naye alikuwa amekaa darasa la pili mwaka mzima. Hatumlaumu mwalimu aliyempokea. Walimu wa namna yake hufunzwa na watu kama sisi.

Tangu siku ile tumejaribu kuyachunguza upya mashauri yanayotolewa kwa watu wanaotaka kuchagua lugha. Mengi yameandikwa kwa ajili ya mtu aliyezaliwa katika Kiingereza. Idara ya Marekani inayowafundisha lugha maofisa wa ubalozi imepanga lugha za dunia kwa kadiri ya muda unaomtosha Mmarekani kuzimudu. Kireno kimewekwa katika kundi jepesi kabisa, kati ya wiki 24 na 30. Kiswahili kimepewa wiki 36, na Kiarabu na Kichina wiki 88. Orodha hiyo ni ya kweli kwa waliokusudiwa. Kosa huanza pale mwanachuo wa Newala anapoisoma na kudhani kwamba inamhusu yeye. Mtu ambaye Kiswahili, kilichopimiwa wiki 36, alikijua kabla hajaanza shule, anawezaje kutumia mizani hiyo bila kuigeuza?

Tutoe mfano wa darasani. Kireno husema livro novo kwa kitabu kipya, na livros novos kwa vitabu vipya. Casa nova kwa nyumba mpya, na casas novas zikiwa nyingi. Mwingereza hustaajabu kuona sifa ikibadilika kwa kufuata jina, kwa maana kwake neno la upya halibadiliki hata siku moja. Mtoto wetu hana la kustaajabia. Amekwisha kuzoea kitabu kipya, vitabu vipya, mti mpya, jiwe jipya, na ngeli za Kireno ni mbili tu. Vivyo hivyo kitenzi: falo, falas, fala. Mtendaji amefungwa ndani ya neno lenyewe, kama katika ninasema, unasema, anasema, ila kwetu hutangulia na kwao hufuata. Lakini tukimfundisha mwanafunzi kwa kupitia Kiingereza, tunampeleka kwanza kwenye lugha isiyokuwa na mambo hayo, kisha tunamwambia ayapokee kama mageni. Ni sawa na kumzungusha mtu Tunduru ili aende Ndanda.

Kwa sababu hiyo rai yetu ya kwanza ni ya njia ya kufundisha: lugha yoyote ya kigeni ifundishwe kwa Kiswahili, na Kiingereza kikae kando isipokuwa kinaposaidia kweli. Kiarabu nacho kitaonekana kwa sura nyingine. Kitabu, wakati, elimu, hesabu, habari ni maneno ambayo mwanafunzi huyatumia kila siku, na wengi waliopitia chuoni utotoni wanazijua herufi. Hata katika Kichina, mtu aliyelelewa katika Kiyao au Kimakua hashangai kusikia kwamba sauti ya juu na ya chini ina kazi katika neno, ingawa maandishi yake yatamtoa jasho kama yanavyomtoa kila mgeni.

Rai ya pili ni ya uchaguzi wenyewe. Hatukibezi Kifaransa. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kongo mwaka 2022. Mwalimu wa Kigoma ana haki ya kukitanguliza. Lakini sisi tuko Masasi. Daraja la Umoja pale Mtambaswala, lenye urefu wa mita 720, lilifunguliwa mwaka 2010, na hilo linaelekea kwenye nchi ambayo shule, mahakama na hospitali zake hutumia Kireno.

Wapo watakaosema kwamba jirani zetu wa Cabo Delgado wengi wanakijua Kiswahili, na kwamba Wamakonde, Wamakua na Wayao wako pande zote mbili na wana lugha zao za kuelewana. Ni kweli, na sokoni hatuhitaji zaidi. Isitoshe, kuanzia mwaka 2019 Kiswahili ni lugha rasmi katika Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, jambo ambalo tulilifurahia kama wengine. Hata hivyo cheti cha shule hakiandikwi kwa Kimakua. Karatasi ya kliniki na hati ya kuzaliwa haziandikwi kwa Kiswahili. Tangu machafuko yalipozuka Mocímboa da Praia mwezi wa Oktoba 2017, wako watoto waliovuka wakiwa hawana kingine cha kujieleza ila karatasi hizo.

Wala Kireno si kigeni mno kwetu kama tunavyodhani. Meza, leso, bendera na mvinyo vilitoka huko. Gereza nalo lilitoka huko, tena katika neno lao la kanisa! Hata mkorosho, unaowalipia nauli na sare wanachuo wetu wengi, uliletwa na Wareno kutoka Brazili. Na Nachingwea, hapa jirani, palikuwa na kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO hadi uhuru wa Msumbiji mwaka 1975.

Tatizo kubwa ni mwalimu. Chuo chetu hakina mkufunzi wa Kireno, na hatuoni dalili ya kumpata karibuni. Tumekwisha kuzungumza na yule mfanyabiashara wa mjini, naye amekubali kuja Jumatano jioni baada ya kufunga duka. Anaijua lugha lakini hajui kufundisha. Sisi tunajua kufundisha kidogo lakini lugha hatuijui. Tutakaa wote wawili mbele ya wanachuo, yeye akitamka na sisi tukipanga somo. Hatutaanza na salamu, kama vitabu vingi vinavyofanya. Somo la kwanza litakuwa cheti cha shule: majina ya masomo, alama juu ya 20, na yale maneno mawili ya chini, la aliyefaulu na la aliyeshindwa. Msichana yule sasa yuko darasa la tano, na ameahidi kutukopesha karatasi yake.