Vurra: Mwaliko wa semina ukitumwa na mashine, nani anaupokea?

UCHAMBUZI
Na Mwandishi wetu wa Biashara, Arua

Ukivuka kizuizi cha Vurra kutoka Uganda kwenda Aru, katika jimbo la Ituri, saa yako ya mkononi inakuwa mbele kwa saa moja. Uganda inafuata saa ya Afrika Mashariki na mashariki mwa Kongo wanafuata saa ya Afrika ya Kati. Wafanyabiashara wa hapa wamezoea. Mtu akikupangia miadi unamwuliza kwanza: saa ya Uganda au saa ya Kongo?

Programu ya kompyuta inayotuma mialiko ya semina haiulizi swali hilo. Inaandika "saa 10:00" na kuituma kwa kila aliyejiandikisha. Mama wa Arua anayesoma saa kwa Kiswahili anaweza kuelewa saa kumi alasiri. Mwenzake wa Aru anafungua simu saa 10:00 ya kwao, wakati Uganda ni saa 11:00 na semina ya saa moja ndiyo inafungwa. Aliyeisikiliza yote ni yule wa Kampala, ambaye pengine hajawahi kuvusha hata gunia moja hapa.

Tunaanza na kisa hiki kidogo kwa sababu taasisi zinazofundisha wafanyabiashara wa mpakani, kuanzia vyama vya wafanyabiashara na miradi ya wafadhili hadi mawakala wa forodha, zimevutiwa na teknolojia ya kuunganisha programu ili kazi ya kuandikisha watu na kuwafuatilia ifanyike yenyewe. Hoja yetu ni kwamba teknolojia hiyo ni nzuri na gharama yake si kubwa, lakini kwa Vurra itafaa tu ikiwa pingu ya mwisho ya mnyororo ni simu ya mfanyabiashara, kwa lugha yake na kwa saa yake.

Semina zilivyohamia kwenye simu

Machi 2020 Uganda ilipofunga mipaka kwa abiria kutokana na UVIKO-19, malori ya mizigo yaliendelea kupita lakini mikutano ya ukumbini ilikwisha. Mafunzo yakahamia Zoom. Mambo ya kufundisha nayo yaliongezeka. Tarehe 1 Januari 2021 mfumo wa ankara za kielektroniki, EFRIS, ulianza kuwa wa lazima kwa waliosajiliwa VAT nchini Uganda. Tarehe 11 Julai 2022 Kongo ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na maswali ya ushuru na vyeti vya asili ya bidhaa yakawa mengi kuliko majibu.

Huku West Nile biashara haikungoja semina. Barabara ya lami ya kilomita 92 kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba, mpakani na Sudan Kusini, imeunganisha masoko ya nchi tatu. Tafiti za biashara isiyo rasmi zinazofanywa na Idara ya Takwimu ya Uganda pamoja na Benki Kuu zimekuwa zikiitaja Kongo mara kwa mara kuwa mnunuzi mkubwa wa bidhaa za Uganda zinazopita mkononi, kichwani na kwenye baiskeli, nje ya vitabu vya forodha.

Wengi wa watu hawa wanapita njia hizo kwa kukosa taarifa. Mathalani, Jumuiya ya Afrika Mashariki ina cheti rahisi cha asili ya bidhaa kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani. Upande wa pili, amri ya Kongo namba 036/2002 ya tarehe 28 Machi 2002 inataja taasisi nne tu zinazoruhusiwa kufanya kazi mpakani: forodha, ambayo leo ni DGDA, idara ya udhibiti wa bidhaa OCC, uhamiaji DGM, na huduma ya afya ya mipakani. Mfanyabiashara asiyelijua hilo atamlipa wa tano, wa sita na wa saba. Kwa lugha ya wachumi, ukosefu wa taarifa ni kodi, na mwenye mzigo mdogo huilipa kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko mwenye lori.

Kwa hiyo semina inayomfikia mlengwa ina thamani ya fedha taslimu.

Mnyororo unavyofanya kazi

Tueleze kwa ufupi, kwa faida ya msomaji ambaye hajawahi kuuona. Mwandaaji anatengeneza fomu ya kujiandikisha, tuseme ya Google. Mtu akiijaza, jina lake linaingia kwenye jedwali. Programu ya kati, kama Zapier iliyoanzishwa Marekani mwaka 2011, inachungulia jedwali hilo. Ikiona mstari mpya inafanya kazi ilizoagizwa: inamwandikisha mtu huyo kwenye Zoom na kuchukua kiungo chake cha kuingilia, inaliweka jina lake kwenye orodha ya barua pepe, tuseme ya Mailchimp, na inaagiza kampuni ya ujumbe mfupi, kama Africa's Talking ya Nairobi, imtumie SMS. Semina ikiisha, programu inasoma orodha ya waliohudhuria na kuwaandikia.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua mfano wa watu 200 waliojiandikisha. Kila mmoja anahitaji ujumbe wa kuthibitisha, ukumbusho wa siku moja kabla, ukumbusho wa saa moja kabla na ujumbe wa baada ya semina. Hizo ni jumbe 800. Karani akitumia dakika mbili kwa kila ujumbe, kazi hiyo inakula zaidi ya saa 26, yaani siku tatu za ofisi na ushee. Mashine inaimaliza bila kudai chai. Ofisi yenye karani mmoja haina sababu ya kuikataa.

Tatizo ni kwamba karani akikosea jina moja amekosea moja. Mashine ikikosea imekosea yote 200, na inarudia kosa hilohilo kila semina hadi mtu alione.

Mitego minne ya mpakani

Mtego wa kwanza ni saa, tuliokwisha kuueleza. Dawa yake haina gharama. Fomu iulize mtu anaishi upande gani, na ujumbe uandikwe kwa maneno: "saa nne asubuhi saa ya Uganda, saa tatu asubuhi saa ya Kongo". Koboko nako wakumbuke kwamba Sudan Kusini ilirudisha saa yake nyuma tarehe 1 Februari 2021, hivyo Kaya na Juba ziko sawa na Aru, si Arua.

Mtego wa pili ni namba ya simu. Watu wa hapa huandika namba inayoanza na sifuri. Jedwali la kompyuta huiona kuwa hesabu ya kawaida na kuifuta sifuri. Zinabaki tarakimu tisa, na tarakimu tisa ndizo zinazotumika Uganda, Kongo na Sudan Kusini baada ya msimbo wa nchi. Mashine iliyoagizwa kuweka +256 mbele ya kila namba itampeleka Mkongo Uganda. Ujumbe utapotea, au utamfikia mtu mwingine kabisa. Safu ya namba ipangwe kuwa maandishi, si hesabu, na nchi ichaguliwe kwenye fomu, kwa maana wapo wenye kadi za pande zote mbili.

Mtego wa tatu ni njia na lugha. Barua pepe ni chombo cha ofisi. Muuza mchele wa Vurra aliifungua siku aliponunua simu, akasahau neno la siri. Hata anayeisoma huenda asiione: tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti kwa wanaotuma barua kwa wingi, na barua ya mtumaji ambaye hajathibitisha anwani yake inaweza kutupwa kwenye kapu la taka. Lugha nayo ni kikwazo. Karatasi za serikali upande wa Uganda ni za Kiingereza, upande wa Kongo ni za Kifaransa, lakini bei inapatanwa kwa Kilugbara, Kiswahili na Kilingala. Ujumbe uwe SMS au WhatsApp, na fomu imwache mtu achague lugha. Kazi ya kuchagua maandishi kulingana na lugha ni nyepesi kwa mashine, mradi mtu ameyaandika kwanza.

Hapo kuna jambo dogo linalokula fedha. SMS moja hubeba herufi 160. Lakini ikiwamo alama moja tu isiyo kwenye orodha ya kawaida ya herufi za simu, nafasi inashuka hadi herufi 70. Neno "ng'ambo" likinakiliwa kutoka programu ya kuandikia barua huja na kikoma cha juu kilichopinda, na hicho hakimo kwenye orodha. Ujumbe wa herufi 150 uliokuwa SMS moja sasa unahesabiwa SMS tatu. Jumbe 800 za mfano wetu zinalipiwa kama 2,400, na hakuna aliyesoma neno la ziada.

Mtego wa nne unahusu waliokosa. Mwandishi wa makala haya aliwahi kujiandikisha kwenye semina ya forodha, umeme ukakatika dakika chache kabla ya kuanza. Jioni nilipokea "Asante kwa kuhudhuria", kesho yake fomu ya maoni, na wiki iliyofuata ukumbusho kwamba sijatoa maoni. Hakuna aliyeniambia kilichosemwa. Kosa lilikuwa dogo: mnyororo uliunganishwa na orodha ya waliojiandikisha badala ya orodha ya waliohudhuria.

Kwa Vurra kosa hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana, kwa kuwa kukosa ndiyo hali ya kawaida. Umeme hukatika. Data ina bei, na tangu Julai 2021 inatozwa kodi ya asilimia 12 nchini Uganda. Intaneti yenyewe ilizimwa nchi nzima kwa siku tano wakati wa uchaguzi wa Januari 2021. Asiyehudhuria ndiye aliyehitaji zaidi ujumbe wa baada, wenye mambo matatu: kiasi cha mzigo kinachostahili cheti rahisi, majina ya taasisi nne za Kongo, na namba ya kumpigia mtu mwenye majibu. Ujumbe huo unaingia kwenye SMS moja au mbili na hauhitaji data.

Majina ya watu si mali ya mradi

Lipo pia suala la sheria, ambalo waandaaji wengi hulipita haraka. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 na kanuni zake za mwaka 2021. Anayekusanya majina na namba anatakiwa kupata ridhaa ya mhusika, na mhusika ana haki ya kukataa kutumiwa matangazo. Data ikipelekwa nje ya nchi kuna masharti ya ziada, na mnyororo tulioueleza unapitia kompyuta zilizo nje ya nchi karibu kila hatua. Kongo nayo ilitunga sheria yake ya mambo ya kidijitali tarehe 13 Machi 2023.

Anayedhani sheria hizi ni za kwenye karatasi aitazame Kenya. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa nchi hiyo alizitoza faini taasisi tatu, mojawapo mkopeshaji wa kidijitali aliyetumia majina na namba za watu kuwatumia jumbe za vitisho.

Mpakani hofu ni kubwa zaidi. Mama anayevusha mzigo kwa njia ya panya akiombwa jina, namba ya simu na aina ya bidhaa, swali lake la kwanza ni kama orodha hiyo itafika forodha. Ana haki ya kuuliza. Fomu isiyosema wazi nani ataiona orodha na itafutwa lini itajazwa na wasio na la kuficha, yaani wale ambao tayari wanapita njia kuu.

Kipimo kibadilike

Taarifa za miradi hupenda kutaja idadi ya waliojiandikisha na idadi ya barua zilizotumwa. Mashine ikishaunganishwa, tarakimu hizo hupanda bila jasho, na ndipo zinapopoteza maana. Kutuma jumbe 800 hakuthibitishi kwamba hata mtu mmoja amepata cheti.

Tunachopendekeza ni kipimo kinachomrudisha mtu mpakani. Wiki mbili baada ya semina, mashine hiyohiyo itume swali moja kwa SMS: "Umevusha mzigo kwa cheti? Jibu NDIYO au HAPANA." Wanaojibu HAPANA wapigiwe simu na karani yule ambaye mashine imempunguzia saa 26 za kazi. Atakachosikia huko, kwamba ofisi ilikuwa imefungwa, kwamba wakala alidai kupita kiasi, kwamba bidhaa haikuwamo kwenye orodha, ndicho kiwe mada ya semina inayofuata.

Na kabla mwandaaji wa Kampala hajabonyeza kitufe cha kutuma, ampigie mtu mmoja aliye Vurra na mmoja aliye Aru, awasomee ujumbe, awaulize wanaelewa ni saa ngapi.