Programu Zipimwe kwa Kompyuta Dhaifu

Kompyuta ikichelewa kuwaka, tunailaumu mashine: imezeeka, inunuliwe nyingine. Mara nyingi lawama hiyo tunaielekeza siko. Sehemu kubwa ya uchelewaji imo ndani ya programu, na hasara yake huonekana wazi mahali kama Mafia, kisiwa ambacho kwa miaka mingi kimepata umeme kutoka majenereta ya dizeli, nje ya gridi ya taifa. Umeme ukikatika, kompyuta ya mezani huzimika papo hapo. Ukirudi, kila kitu kinaanza upya. Kipindi cha sekondari ni dakika 40. Mashine ikila dakika tano kuwaka, na programu ya somo dakika tatu kufunguka, moja ya tano ya kipindi imekwenda kabla mwalimu hajaanza kufundisha.

Tazama kinachotokea ndani. Diski ya kompyuta nyingi za zamani huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa chake cha kusomea huhitaji kiasi cha milisekunde 15 kufikia faili lililo mahali pengine. Programu inayofungua mafaili madogo 3,000 yaliyotawanyika hupoteza sekunde 45 kwa kutafuta tu. Ongeza programu zinazojiwasha zenyewe kusaka masasisho. RAM ikijaa, mashine huanza kuhamishia data kwenye diski ileile iliyokwisha kuelemewa. Uzee una sehemu ndogo hapo. Kubwa ni uamuzi wa waandishi wa programu kupakia kila kitu mwanzoni, badala ya kile tu kinachohitajika kwenye skrini ya kwanza.

Uamuzi huo unaweza kubadilishwa. Septemba 2008, wahandisi wawili wa Intel, Arjan van de Ven na Auke Kok, waliionyesha Asus Eee PC, kompyuta mpakato ndogo ya bei nafuu, ikiwaka kwa sekunde tano. Kwa mfumo wa kawaida wa Fedora ilihitaji kama sekunde 45. Siri yao ilikuwa kuanza na kikomo, kisha kuugawa muda, hivi kwamba kila sehemu ya mfumo ilipewa fungu lake na kulazimika kuenea humo.

Wapo watakaosema mashine mpya ni rahisi kuliko kuandika programu upya. Kwa ofisi moja ya Dar es Salaam, huenda. Lakini programu huandikwa mara moja ikatumika katika maelfu ya mashine, na kila kompyuta ya Mafia inagharimu pia usafiri wa kuvuka bahari hadi Kilindoni. Isitoshe, programu ikiachwa inenepe, mashine mpya ya leo itaelemewa kesho. Ni kweli kuweka diski ya SSD husaidia sana, na pale fedha zilipo iwekwe. Hata hivyo haiondoi uzito usio wa lazima.

Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019, ina kazi ya kusimamia viwango vya mifumo ya serikali. Iweke kiwango cha muda wa kufunguka, kipimwe kwenye kompyuta dhaifu kabisa inayotumika shuleni au kwenye zahanati, na kiandikwe kwenye zabuni. Programu itakayoshindwa kipimo hicho isilipiwe mpaka irekebishwe.