Gia haiko mkononi

Saa mbili asubuhi, Jumamosi, kwenye uwanja wa vumbi pembeni mwa mji wa Morogoro, Corolla nyeupe yenye kibao cha L inaruka kichura. Inasogea hatua mbili, inatikisika, inazima. Kwenye usukani yupo mama wa makamo aliyejifunga kanga juu ya gauni, mkono wake wa kushoto umeng'ang'ania gia kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. Mwalimu aliye pembeni yake ana neno moja tu: "Klachi! Klachi! Klachi!" Mama anakanyaga klachi, gari linatulia. Anaachia, linaruka tena.

Ukilirudia neno hilo mara mia, mama huyo hatajua klachi ni kitu gani. Hapo ndipo mafunzo ya udereva katika viwanja vingi yanapokwama. Mwanafunzi anaonyeshwa cha kufanya kwa mkono, ilhali ulaini wa gari la gia za kupanga unatoka kwenye mguu wa kushoto, na sikio linausaidia.

Somo la kwanza kwa kawaida huwa la ramani. Ya kwanza juu kushoto, ya pili chini yake, ya tatu juu katikati, na kuendelea. Mwanafunzi huikariri mpaka anaiota. Lakini ramani hiyo imechorwa juu ya kirungu cha gia, mtu yeyote anaweza kuisoma, na dakika kumi zinaitosha. Mguu haukuchorewa ramani popote.

Injini ikishawashwa haijui kusimama. Hata gari likiwa limetulia kwenye taa nyekundu, yenyewe inazunguka mara 700 au 800 kwa dakika, wakati matairi hayazunguki hata mara moja. Kati ya hawa wawili wasiolingana kuna sahani ya chuma, upana wake kama sahani ya wali, imevikwa utando mgumu unaoshika kama ule wa breki. Springi kali huibana kwenye gurudumu zito la injini. Ukikanyaga klachi unaibandua, ukiachia unairudisha. Basi. Ukiirudisha ghafla, mmoja wa wawili hawa lazima ashindwe: ama matairi yanarushwa mbele na abiria wanatikisa vichwa kama mijusi, ama injini inazidiwa na kuzima.

Mama yule angeambiwa hivyo kabla ya kuwasha gari, nusu ya hofu yake ingekuwa imeondoka.

Kuna namna ya kufundisha ambayo wakufunzi wazuri wanaifahamu na wenye haraka huiruka. Saa nzima ya kwanza, mguu wa kulia haugusi mafuta. Gari liko tambarare, gia ya kwanza imeingia, mwanafunzi anaachia klachi polepole, kisigino kikiwa sakafuni. Pedali inapanda, inapanda, halafu mlio wa injini unakuwa mzito, kama mtu aliyepokea gunia begani. Boneti inainuka kidogo sana. Hapo klachi imeshika. Mguu unasimama papo hapo, unahesabu mbili, na gari linaondoka lenyewe kwa mwendo wa bibi anayekwenda sokoni. Kisha anakanyaga klachi na breki, anasimama, anarudia, mara ishirini au thelathini. Inachosha, na mwanafunzi aliyelipia pesa zake anataka kuonekana barabarani, lakini mguu uliopita hapo haupasahau.

Vijana wa bodaboda wana siri juu ya jambo hili, na wengi wao hawajui kwamba wanayo. Boxer na TVS za mijini zina klachi ya mkono wa kushoto, na bajaji vilevile. Kijana anayepakia abiria wawili na kreti ya soda kwenye mlima wa udongo hujua kwa vidole vyake pale klachi inaposhika, kwa nywele moja. Mweke kwenye Noah ya gia, atazima mara mbili tatu, kisha atacheka mwenyewe akigundua kuwa ujuzi ule umehamia tu kutoka vidoleni kwenda kwenye unyayo. Mwalimu ambaye hamuulizi mwanafunzi wake kama aliwahi kuendesha pikipiki anatupa bure mtaji uliokwisha kuletwa darasani.

Kuondoka ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kupanda gia na kushuka gari likiwa linakwenda, na hapo hesabu ndogo inasaidia kuliko kelele. Kwenye Corolla nyingi za zamani zenye gia tano, katika gia ya pili boksi hupunguza mizunguko ya injini karibu mara mbili, na katika ya tatu karibu mara moja na theluthi. Maana yake, kama injini ilikuwa inazunguka mara 3,000 kwa dakika kwenye ya pili, kwa mwendo uleule wa gari kwenye ya tatu itatakiwa izunguke mara 2,000 na kidogo. Mizunguko hiyo karibu elfu moja lazima ipotee kabla klachi haijashika. Dereva anapoachia mafuta na kukanyaga klachi, injini inashuka yenyewe, na inahitaji nafasi ya pumzi moja. Mwenye papara haitoi. Anaibamiza klachi wakati injini bado iko juu, gari linaruka mbele, naye anadhani kosa liko kwenye gia.

Kushuka gia ni kinyume chake, na ndiko kunakowashinda hata wenye leseni za miaka kumi. Kutoka ya tatu kwenda ya pili injini inatakiwa ipande, wala haitapanda bila kuguswa. Mguso mdogo wa mafuta klachi ikiwa chini, kisha kuachia, na abiria hajui kama kuna kitu kimetokea. Bila mguso huo gari linainamisha pua kana kwamba limekanyagiwa breki. Mwaka 2015 wanasiasa wa Tanzania waliupa umaarufu msemo wa kubadili gia angani. Huko angani kwenyewe ingekuwa rahisi, kwani hakuna barabara inayobishana na matairi.

Wazee walioendesha malori ya Bedford hawakuwa na anasa ya kukosea. Kampuni ya Cadillac ilianza kuuza magari yenye gia zinazojilinganisha kasi zenyewe mwaka 1928, lakini teknolojia hiyo ilichukua miongo kadhaa kuenea kwenye malori, na hata leo baadhi ya maboksi ya malori ya Marekani, kama yale ya Eaton Fuller, hayana. Humo dereva hukanyaga klachi mara mbili kwa gia moja: mara ya kwanza kuitoa na kuiweka fri, anapiga resi kidogo kama anashuka gia, kisha mara ya pili kuiingiza. Ukikosea, meno yanalia, na utingo aliyelala kiti cha nyuma anaamka. Madereva wale hawakuangalia mshale wa mizunguko, maana magari mengi hayakuwa nao. Walisikiliza.

Sikio hilo ndilo linalopungua barabarani. Siku hizi gari linafunguliwa muziki kabla halijafungwa mlango.

Tena suala hili si la starehe ya shingo za abiria peke yake. Barabara kuu ya kwenda Zambia, mbele ya Mikumi ukielekea Iringa, ina mlima Kitonga, na kila dereva wa masafa ana hadithi yake ya pale. Kati ya tabia mbaya zinazorithishwa kutoka dereva hadi taniboi ni ya kuteremka na fri kwa imani kwamba unaokoa mafuta. Breki hugeuza mwendo kuwa joto. Lori lililobeba tani 30 na kuteremka kilomita kadhaa likiwa fri linaziachia breki peke yake kazi yote, mpaka dramu zinatanuka kwa moto, utando unapoteza mshiko, na pedali inakanyagwa bila jibu. Wakati huo dereva hutaka kuirudisha gia, na gia haiingii, kwa sababu matairi yamekwisha kuizidi injini kwa mbali. Kanuni ya zamani ya wenye malori inasema teremka na gia ambayo ungepandia, na uiingize ungali juu, kabla mteremko haujaanza.

Na hiyo hesabu ya mafuta yenyewe haijakaa sawa. Kwenye magari ya kisasa yenye kompyuta ya injini, ukiachia mafuta ukiwa kwenye gia mtelemkoni, nozeli hukatiwa mafuta, kwa kuwa matairi ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka fri, injini inabaki peke yake na inalazimika kuchoma mafuta ili isizime. Kwa hiyo dereva anahatarisha roho na bado analipa.

Wapo watakaosema haya yote ni mambo ya jana. Mitaa ya Dar es Salaam imejaa Vitz, IST na Passo zilizoagizwa Japani, na karibu zote hazina pedali ya tatu. Japani yenyewe ilianzisha mwaka 1991 leseni ya magari ya otomatiki pekee. Kenya ina daraja la B1 kwa gari dogo la otomatiki. Hata malori yameanza kuhama: boksi la I-Shift la Volvo, linalojipangia gia lenyewe, lilitoka mwaka 2001. Hoja hiyo ina uzito, na asiyekusudia kamwe kugusa gari la gia asilazimishwe kupoteza wiki nzima akiruka kichura. Apimwe kwa gari lake, na leseni iseme hivyo waziwazi.

Lakini Land Cruiser ya kituo cha afya inayokwenda kumchukua mama mjamzito kijijini ina gia. Fuso ya mahindi ina gia, trekta lina gia, Hiace nyingi za daladala zina gia. Anayeajiriwa kuendesha hayo asipewe karatasi kwa sababu tu aliondoka bila kuzima. Aombwe kusimama katikati ya mlima, ashikilie handibreki, na aondoke bila kurudi nyuma hata shubiri moja. Aombwe kushuka kutoka ya nne mpaka ya pili kwenye kona, huku mpimaji amefumba macho. Gari litajieleza.

Mafundi wa gereji wangepoteza wateja kidogo, hilo ni kweli. Dereva anayelishikilia gari mlimani kwa klachi badala ya handibreki anaiunguza sahani polepole, na anayeegesha mguu juu ya pedali safari nzima anailia beringi yake. Harufu ikishafika ndani ya gari, kinachofuata ni kushusha gia boksi, na kazi hiyo fundi haifanyi kwa bei ya soda.

Mpaka saa nne, jua limepanda Morogoro, na mama wa kanga amebadilishiwa mwalimu. Huyu wa pili ni mzee mwenye kofia ya balagashia, na hajasema "klachi" hata mara moja. Alimwambia tu avue viatu. Kwa nusu saa Corolla imekuwa ikiondoka na kusimama, ikiondoka na kusimama, bila mafuta. Sasa inazunguka uwanja: ya kwanza, ya pili, pumzi moja, ya tatu. Mzee ameshika kikombe cha kahawa alichonunua kwa muuzaji anayepita, kimejaa karibu na ukingo, naye anatazama nje ya dirisha.

"Mwalimu, nimeingiza?" mama anauliza.

"Ya tatu? Muda mrefu," anasema mzee, na kunywa.