Ngumi za Kiume Zatoka Wapi?

Mwenzangu aliyeandika juzi kwamba mtoto wa kiume huzaliwa mgomvi na wa kike mpole hakuleta ushahidi zaidi ya "ndivyo walivyo". Ushahidi upo, na haumpendelei.

Mwaka 1965 Albert Bandura, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwaonyesha watoto wa chekechea filamu ya mtu mzima akimtwanga mdoli mkubwa: anamkalia, anampiga nyundo, anamtia ngumi ya pua. Walipoachwa na mdoli yule, wavulana waliiga zaidi. Hapa mwenzangu angefunga daftari na kushangilia. Lakini Bandura akawaahidi juisi na picha za kubandika kwa kila kitendo watakachokumbuka, na tofauti ile ikakaribia kutoweka. Kumbe mabinti walikuwa wameyanasa yote; walijua tu kwamba kwao hayaruhusiwi.

Sikatai maumbile. Wavulana hupigana zaidi kwa mikono, tangu wadogo. Ila Richard Tremblay, aliyewafuatilia watoto wa Quebec kwa miaka mingi, alionyesha kuwa kupiga na kusukuma hushamiri kati ya miaka 2 na 4, kisha hupungua kwa wengi wao. Kinachofundishwa, basi, ni kuacha. Tunamfundisha nani? Binti akimzaba nduguye kofi, papo hapo anaambiwa, "Mtoto wa kike hapigani!" Kaka yake akirudi analia, anaulizwa mbona hakurudisha.

Na huo upole wa mabinti, je, mwenzangu amewahi kusimama karibu na wacheza rede wakimsusia mmoja wao wiki nzima?