Bi Harusi, Kununua Futari si Uvivu

Ramadhani ikikaribia, bi harusi mpya huanza kuhangaika: nipike nini wakwe wasinicheke?

Tuwatazame wenzetu wa Kelantan, Malaysia. Wana keki yao tamu ya kufuturia, akok: mayai, tui la nazi, unga na sukari. Humiminwa kwenye kalibu za shaba, moto wa makumbi ukawekwa chini na juu, kama tunavyopalia mkate wa kumimina. Hutoka laini, yenye makunyanzi. Lakini ina moshi na inataka mkono uliozoea, ndiyo maana wengi huinunua tu sokoni alasiri.

Nasi tufanye hivyo bila aibu. Nunua kwa mama jirani anayejua. Yeye apate riziki, wewe uipate Alasiri yako kwa wakati na umalize juzuu. Ukiulizwa nani kapika, sema kweli. Nanyi mama wakwe, msimpime mkaza mwana kwa sahani.

Kupika utajifunza, inshaallah. Ila jifunze Shaabani, mkate ukiungua hakuna anayesubiri kufuturu.