Mionzi iue uvimbe, isiue kumbukumbu za mgonjwa

KWA miaka mingi, mafanikio ya tiba ya mionzi dhidi ya uvimbe wa ubongo yalipimwa kwa kigezo kimoja kikuu: mgonjwa ameongezewa siku ngapi za kuishi. Uvimbe ukisinyaa na mgonjwa akawa hai, kazi ilihesabiwa kuwa imekamilika.

Kuna swali jingine, ambalo jamaa za mgonjwa hulikabili nyumbani baada ya miezi michache. Mbona mama anauliza jambo lile lile mara tatu asubuhi moja? Mbona mwalimu aliyesomesha hesabu maisha yake yote sasa hakumbuki chenji aliyorudishiwa dukani?

Tafiti zilizochapishwa tangu 2009 zimeonyesha kwamba malalamiko hayo si ya kupuuzwa. Muhimu zaidi, zimeonyesha kwamba sehemu ya madhara hayo inaweza kuzuiwa. Suala lililobaki si la sayansi pekee, bali pia ni la haki: nani atapata kinga hiyo na nani ataikosa?

Ili kuelewa suala hili, yafaa kwanza kujua jinsi tiba yenyewe inavyofanya kazi. Saratani ya mapafu, ya matiti na hata ya ngozi huweza kusambaa na kutua ubongoni. Inapotua katika sehemu nyingi, njia iliyozoeleka ni kuumulika ubongo wote kwa mionzi, kwa kawaida kipimo cha Gray 30 kinachogawanywa katika vikao 10 kwa muda wa wiki mbili. Mionzi hiyo haichagui. Hupiga seli za saratani na pia hupiga zile zenye afya.

Miongoni mwa sehemu zinazoumia ni hipokampasi, viungo viwili vidogo vilivyo ndani ya ubongo, kimoja kila upande. Ulimwengu ulitambua umuhimu wake kupitia kisa cha Mmarekani Henry Molaison. Mnamo 1953, akiwa na umri wa miaka 27, alifanyiwa upasuaji wa kutibu kifafa ambapo sehemu kubwa ya viungo hivyo iliondolewa. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo hakuweza kuhifadhi kumbukumbu mpya. Mwanasaikolojia Brenda Milner, aliyemchunguza kwa miaka mingi, alilazimika kujitambulisha kwake upya kila walipokutana. Molaison alifariki 2008, akiwa ameishi zaidi ya nusu karne katika hali hiyo.

Mionzi haing'oi hipokampasi kama kisu cha daktari, ila hudhuru seli changa zinazosaidia ubongo kujifunza mambo mapya. Wanasayansi wametafuta njia tatu za kupunguza hasara hiyo.

Njia ya kwanza ni kutomulika ubongo wote pale isipolazimu. Mnamo 2009, watafiti wa kituo cha saratani cha MD Anderson huko Texas, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 58 waliokuwa na sehemu moja hadi tatu za ubongo zilizovamiwa na saratani. Baadhi walipewa mionzi iliyolengwa kwenye uvimbe pekee. Wengine waliongezewa mionzi ya ubongo mzima. Utafiti ulisimamishwa mapema kwa sababu tofauti ilikuwa wazi mno: baada ya miezi minne, uwezekano wa kudhoofika kwa uwezo wa kujifunza na kukumbuka ulikuwa asilimia 52 kwa walioongezewa mionzi, na asilimia 24 kwa wale wengine.

Hata hivyo, hakuna tamu isiyo na chungu. Baada ya mwaka mmoja, saratani ilikuwa haijarejea ubongoni kwa asilimia 73 ya waliomulikwa ubongo mzima, ikilinganishwa na asilimia 27 tu ya waliopata mionzi ya kulenga. Anayechagua njia hii hana budi kukubali kuchunguzwa mara kwa mara kwa mashine ya MRI.

Njia ya pili ni kidonge. Memantini ni dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003 kwa wagonjwa wa Alzheimer. Hupunguza msisimko uliopita kiasi ambao huziumiza seli za neva. Watafiti waliijaribu kwa wagonjwa 508 waliokuwa wakimulikwa ubongo mzima, nusu wakipewa dawa na nusu kidonge kisicho na dawa. Matokeo yaliyotolewa 2013 yalionyesha kuwa baada ya wiki 24, uwezekano wa akili kudhoofika ulikuwa asilimia 53.8 kwa waliotumia memantini na asilimia 64.9 kwa wasioitumia.

Nafuu hiyo si kubwa, na ukweli lazima usemwe: katika kipimo kikuu cha utafiti huo, yaani kukumbuka maneno baada ya muda, tofauti haikufikia kiwango ambacho wanatakwimu hukihesabu kuwa thabiti. Wagonjwa wengi walikuwa wameshafariki au hawangeweza tena kupimwa.

Njia ya tatu ni kuikwepa hipokampasi yenyewe. Mashine za kisasa huweza kuyapunguza makali ya miale ili sehemu hiyo ipate kiasi kidogo, huku sehemu nyingine za ubongo zikipata dozi kamili. Katika utafiti wa wagonjwa 518 uliochapishwa 2020, wote walipewa memantini, lakini nusu yao walikingwa hipokampasi. Hatari ya akili kudhoofika ilipungua kwa asilimia 26 kwa waliokingwa. Baada ya miezi sita, waliopoteza uwezo wa kukumbuka walikuwa asilimia 16.4 miongoni mwa waliokingwa na asilimia 33.3 miongoni mwa wasiokingwa. Muda wa kuishi haukutofautiana. Kwa maneno mengine, akili ililindwa bila uhai kupunguzwa.

Si kila utafiti unaoafikiana na huo. Mnamo 2021, tafiti mbili za Ulaya kuhusu wagonjwa wa saratani ya mapafu waliomulikwa ubongo kama tahadhari zilitoa majibu yanayokinzana: ule wa Uhispania uliona faida, wa Uholanzi haukuiona. Aidha, njia hii haimfai mgonjwa ambaye uvimbe wake uko karibu na hipokampasi.

Kuna pia wagonjwa ambao kinga bora kwao ni kutomulikwa kabisa. Utafiti wa Uingereza na Australia uliotolewa 2016, uliohusisha wagonjwa 538 wa saratani ya mapafu wasiofaa kupasuliwa wala kupewa mionzi ya kulenga, ulibaini kuwa waliomulikwa waliishi wastani wa wiki 9.2, na waliotunzwa kwa dawa za kutuliza pekee wiki 8.5. Kwa tofauti ya siku tano, ni haki familia ielezwe wazi inachokinunua.

Haya yanatuhusuje sisi? Kwa miaka mingi, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ndiyo iliyokuwa hospitali pekee ya umma nchini Kenya iliyotoa tiba ya mionzi, na foleni yake ilijulikana kote. Baadaye huduma hiyo ilifika katika hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, na pia Nakuru, Mombasa na Garissa. Hiyo ni hatua ya kupongezwa. Lakini kuwa na mashine ni jambo moja, na kuikwepa hipokampasi ni jambo jingine. Kazi hiyo hudai picha safi za MRI, wanafizikia wa tiba na saa nyingi za kupanga miale ya mgonjwa mmoja tu. Palipo na foleni ndefu, saa hizo ndizo za kwanza kukatwa.

Memantini, kwa upande wake, ni kidonge cha kumezwa ambacho kampuni nyingi hukitengeneza, na hakihitaji mashine yoyote. Ikiwa kinga ya gharama kubwa haitamfikia kila mgonjwa leo, hakuna sababu nzuri ya kutomweleza kuhusu ile iliyo rahisi. Halmashauri ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mnamo Oktoba 2024, inapoamua ni huduma zipi za saratani itakazolipia, haifai kuhesabu vikao vya mionzi pekee. Ihesabu pia kipimo cha kumbukumbu kabla na baada ya tiba, kwani hasara isiyopimwa hakuna anayewajibika kwayo.

Nayo familia isione haya kuuliza. Je, ni lazima ubongo wote umulikwe? Je, hipokampasi yaweza kukingwa? Je, kuna dawa ya kupunguza madhara? Na kama mgonjwa ana wiki chache tu, je, mionzi itamsaidia au itamchosha?

Maswali hayo hayamdharau daktari. Yanamkumbusha kwamba anayelala chini ya ile mashine si uvimbe, bali ni mtu mwenye majina ya watoto wake ambayo angependa kuendelea kuyakumbuka.